Maji Yako Tuliyapikia Chai

Mwalimu,

Maji yako yalikwisha siku ya mazishi yako. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza hali ya mke wako, kabla hata ya kuuliza kama watoto walirudi shuleni. Lile tangi la maabara ulilolifunga kwa kufuli na mnyororo miaka yote, ukayalinda maji ya mvua yaliyomo kuliko mtu alindavyo ng'ombe wa mahari, lilifunguliwa asubuhi ile na likakauka kabla hujafukiwa. Mengi yalipikiwa chai. Mengine yalipikiwa wali.

Nakuandikia nikiwa maabara, kwenye meza yako, ambayo sasa wanasema ni yangu. Mtihani wa vitendo wa Kidato cha Sita umeisha mchana huu. Karatasi zimefungwa kwenye bahasha na kuchukuliwa, wanafunzi wameosha vyombo na kwenda kula muthokoi wao wa mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mimi sijaenda kula. Nimekaa hapa na hasira niliyokuwa nayo tangu Juni, na sioni mtu mwingine wa kumpelekea isipokuwa wewe.

Tuanze na huko kufa kwako. Wewe ulikuwa unaweza kusimama nusu kipindi ukimfokea mwanafunzi kwa kuzidisha tone moja kwenye bureti. Ndiyo maana walikuita Tone, na sisi uliotufundisha kabla yao tulikuita hivyohivyo, na ulijua. Lakini dawa zako za presha, Mwalimu, ulizimeza ukikumbuka. Daktari alikwambia kila siku asubuhi. Wewe ukazifanya kama njugu, leo mbili, kesho hakuna. Nikikuuliza unanijibu, "Kamene, hii mwili yangu si experiment." Haya. Jumamosi ile ukaenda soko la Kathonzweni kununua mbuzi, ukabishana bei, ukaanguka pale pale kabla hamjakubaliana. Yule mwenye mbuzi alikuja mazishini akalia kuliko sisi wote, akidhani ni bei yake iliyokuua.

Ukaniachia Kidato cha Sita katikati ya msawazo wa kemikali. Hukuwaacha mwanzo wa mada wala mwisho wake. Uliwaacha katikati, pale ambapo mwanafunzi ameanza kuelewa na bado hajui kwamba anaelewa. Ubaoni ulikuwa umeandika nitrojeni na hidrojeni zikitengeneza amonia, na ile mishale yako miwili, mmoja ukienda, mwingine ukirudi. Wanafunzi wakakataa isifutwe. Mutheu, unamkumbuka, yule msichana wa Kanyangi anayeuliza maswali mpaka kengele ilie na baada ya kengele, akasimama mbele ya ubao kama askari wa benki, akaniambia, "Madam, please, hiyo ni handwriting ya mwisho ya Mwalimu." Tangu siku hiyo nikafundisha kwenye kipande cha ubao kilichobaki pembeni, mkono umekunjamana kama ninayeandika ndani ya gunia. Na hesabu yenyewe, Mwalimu, hukuwa umeisawazisha. Hidrojeni uliiandika moja badala ya tatu. Niliona siku ya kwanza. Nikawaonyesha, wakaniangalia kama niliyekutukana. Muli akasema labda ulikuwa na sababu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Kila nikifungua mdomo, "Lakini Mwalimu alisema." Mwalimu alisema kundi la kwanza la elementi ni kama nyumba ambayo kitinda mimba ndiye mkali, ukishuka chini ndivyo wanavyozidi ukorofi, na kundi la saba ni nyumba ambayo mzaliwa wa kwanza ndiye wa kuogopwa. Mwalimu alisema msawazo ni kama benchi la kanisa: aliyechelewa akijibana mwisho, wote husogea kidogo mpaka kila mtu apate pa kukaa, na aliyekuja kuchelewa husogea pia. Ni mfano mzuri, sikatai. Mimi mwenyewe uliponifundisha nilicheka, kisha nikafaulu. Lakini naona huo mfano ulipaswa kusema pia kinachotokea mtu akiondoka benchini. Sisi hatujasogea. Nafasi yako iko pale pale na kila mtu anakaa kando yake.

Na unajua vizuri hawa ni nani. Hiki ndicho Kidato cha Sita cha mwisho. Mfumo mpya umeingia, nyuma yao hakuna darasa jingine la namna yao, hapa wala popote nchini. Sisi wa zamani mtu alianguka, akarudia, akaanguka tena, akarudia, mpaka wadogo zake wakamkuta darasani. Hawa hawana pa kurudia. Akianguka kemia leo, udaktari, uhandisi, hata ukulima wa chuo, vyote vimefungwa, na mlango wenyewe umeondolewa. Ulinieleza hivyo wewe mwenyewe Januari, ukaniambia hawa hatuwezi kuwachezea. Kisha ukaenda kununua mbuzi.

Sasa habari ya maji.

Siku ile maiti yako ilipoletwa kutoka hospitali, watu walikuwa wamejaa kwenu mpaka kwenye ua wa jirani. Walitoka kila shule uliyofundisha. Walitoka Kitui, walitoka Sultan Hamud, walikuja mabwana na mabibi wenye magari ambao sikujua kwamba waliwahi kukaa kwenye yale mabenchi yetu wakinusa amonia. Ilikuwa Juni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na pampu ya kisima cha shule imeharibika siku mbili kabla. Akina mama wa kanisa walikuwa na majani, sukari, maziwa na mchele, hawana maji. Mwalimu mkuu akaja maabara na msumeno wa chuma.

Nilimzuia, Mwalimu. Nataka ujue hivyo. Nilisimama mbele ya tangi na kumwambia maji haya ni ya mtihani wa Novemba, hayana mengine ya kuyafuata mpaka mvua, na Mwalimu hakuruhusu hata yeye mwenyewe kuyanywa. Naye akaniangalia kwa upole, na upole ndio ulionishinda, akasema, "Madam, hawa watu wote wamekuja juu ya Mwalimu. Tutawaambia maji iko lakini wasikunywe?" Mila ni mila. Kwetu mgeni wa msiba hawezi kuondoka na koo kavu, atasema nyumba ile haina watu. Akaukata mnyororo. Trekta likabeba mapipa.

Na chai ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloniumiza roho. Watu wa huku tumezoea chai ya maji ya kisima, ile inayokatika maziwa na kuacha ladha ya chumvi nyuma ya ulimi, tukadhani ndivyo chai ilivyo. Siku ile watu walikunywa, wakatazama ndani ya vikombe, wakaomba tena. Mama Ndunge, mke wako, hajui mpaka leo. Kila nikimtembelea ananiambia Mungu alimheshimu mume wake, maana hata chai ya matanga yake ilikuwa na baraka. Nimwambie ni maji yasiyo na kloridi?

Maana hilo ndilo lilikuwa jambo lote, na watu hawakulijua. Walidhani wewe ni mchoyo. Nilikuwa mwanafunzi nilipokuona mara ya kwanza, Novemba, mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, watu wote wanakimbia na debe na sufuria kutega maji ya mabati, na wewe umesimama chini ya paa la maabara umelowa chapa, umeshika bomba la mfereji umeligeuza nje ya tangi, unayamwaga maji chini. Kumwaga mvua, Ukambani! Wapishi wa shule walikutukana kwa Kikamba kisichofaa kuandikwa. Wewe ukawa unayaonja kwa kiganja, unatema, unaonja, unatema, mpaka mavumbi na mavi ya ndege yakaisha juu ya mabati, ndipo ukaligeuza bomba. Ukaniambia maji ya kisima chetu yamejaa chumvi za ardhi hii, kloridi, kalsiamu, magnesiamu, na kwamba mtu anayetafuta chumvi hawezi kuitafuta ndani ya maji ya chumvi. Niliona ni busara kubwa. Sasa naona ingekuwa busara kubwa zaidi kuwaeleza na wapishi, na mwalimu mkuu, na kanisa, badala ya kununua kufuli.

Julai pampu ilitengenezwa. Nikaandaa dawa kwa maji ya kisima, kwa sababu hakukuwa na mengine. Hidroksidi ya sodiamu ikawa na ukungu kabla haijawekwa kitu. Nikasema tutavumilia. Kisha nikafungua ile chupa ndogo nyeusi ya nitrati ya fedha, ile uliyoificha nyuma ya kabati kama mke anavyoficha sukari, nikachukua kidogo tu, nikakiyeyusha. Ikageuka maziwa. Hapo hapo, mbele ya macho yangu, fedha yote ikashikwa na kloridi ya maji ikawa mashapo meupe. Nilikaa chini sakafuni, Mwalimu, nikiwa na gauni la kanisa. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyolia msiba wako sawasawa, na nilikuwa nikikutukana.

Kilichobaki cha nitrati nikakiandaa kwa maji ya mvua niliyoyapata chupa moja kwa mwalimu wa Biolojia. Lakini wanafunzi wenyewe walipaswa kuyeyusha chumvi zao kwa maji ya bomba la maabara, yaani ya kisima. Nikawapa chumvi za kujipima, wazitambue. Darasa zima likapata kloridi. Niliwapa kabonati, wakapata kloridi. Niliwapa salfeti, wakapata kloridi. Niliwapa nitrati, ambayo haina ubaya na mtu, wakapata kloridi nyeupe pepepe.

Nikawaambia hiyo ni ya maji, waiache. Hapo ndipo uliponifunga mikono kutoka kaburini. Muli akasimama, na unamjua Muli, akishika jambo ni kama punda wa Kitui kwenye mchanga wa mto, akasema, "Lakini Madam, Mwalimu alisema tuandike chenye tumeona, si chenye tunataka." Darasa lote likaitikia. Ni kweli ulisema. Ulisema kila wiki, ulituambia na sisi, na ulimwondolea mtu alama kwa kuandika jibu sahihi ambalo jicho lake halikuliona. Sasa niambie wewe: mwanafunzi mwaminifu anayeona weupe na kuandika weupe, mtahini wa Nairobi atajuaje kwamba ni weupe wa kisima chetu? Atampiga sifuri. Na yule mwongo anayeona weupe akaandika hakuna, kwa kuwa amekisia, atapita. Uliwafundisha uaminifu ukaufungia maji yake kwenye tangi, kisha ukafa.

Na nitasema ukweli, mdomo ulifunguka niwaambie waandike kinachotakiwa. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na darasa la mwisho duniani na miezi mitatu. Lakini nilimtazama Mutheu, kalamu iko juu ya karatasi, ananingoja nimwambie ama aamini jicho lake ama asiliamini, na sikuweza. Nikawaambia nitatafuta maji. Mutheu akauliza, "Sasa Madam, kabla upate, mtu atajuaje kama ni chumvi ama ni maji?" Kengele ikalia. Nikakusanya vitabu vyangu, nikatoka.

Nikafanya kile ulichokikataa miaka yote. Unakumbuka nilivyokuja kutoka chuo na mchoro wangu, pipa, paipu ya shaba, beseni la kupoza, tuchemshe maji ya kisima, tuushike mvuke, tuupoze, tupate maji safi ya mwaka mzima bila kungoja mawingu? Ulitazama mchoro ule kwa muda mrefu. Ukasema, "Kamene, hii ni mtambo ya chang'aa." Nikakuambia kanuni ni ile moja ya wapika pombe, lakini kinachoingia ni maji na kinachotoka ni maji. Ukasema wewe ni mzee wa kanisa na shule ni ya kanisa, na hata mtambo ukitoa maji ya ubatizo, watu wataona pipa na paipu. Mchoro wangu ukauweka chini ya chupa ya asidi, ukawa wa kukingia matone.

Basi nilikwenda Sultan Hamud kununua paipu ya shaba. Mwenye duka hakuniuliza ni ya nini. Aliifunga kwa gazeti mara mbili, akatazama mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, hiyo biashara enda nayo pole pole." Mimi, mwalimu wa kemia na mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, nikatembea barabarani na ule mzigo kwapani kama mhalifu.

Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti kwamba mtambo ukae nyuma ya vyoo, wageni wasiuone. Kwa hivyo uliwekwa mahali ambapo kila mtu anayejua mambo huweka mtambo wa chang'aa. Wanafunzi wakawa wanaleta kuni. Moto ukawa unawaka, paipu ikawa inapita ndani ya beseni, na maji yakawa yanadondoka kwenye chupa polepole, kwa uvivu ambao ungekupendeza wewe. Haikupita wiki, chifu msaidizi akaja na askari wake wawili na uso wa mtu aliyepata kazi. Akaniamkia kwa heshima, maana nilimfundisha binti yake. Akasema ameambiwa, na hakuamini, lakini ameona moshi. Nikamjazia kikombe. Alikinusa, akakizungusha, akakinywa akiwa amefunga macho, akangoja. Alingoja sana, Mwalimu. Hakuna kilichomchoma. Akafungua macho akasema, "Hii ni maji." Nikasema ndiyo. "Na kwa hiyo drum mmeweka nini?" Nikasema maji. Akatazama kuni zetu zote, akatazama chupa ile ndogo, akasema, "Mnapika maji ndio mpate maji?" Akaondoka akitikisa kichwa, na nadhani alinisikitikia kuliko kama angenikamata.

Tukapata maji ya kutosha mtihani, lakini hayakutosha na mazoezi pia. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Niliyahifadhi yote kwa siku ya leo, na mazoezi tukaendelea nayo kwa maji ya kisima mpaka juzi. Hivyo basi wanafunzi wako wameingia mtihani wakiwa wamezoea kitu kimoja tu: kuona mashapo meupe na kutoyaamini.

Unajua tayari kilichotokea, sivyo? Unawajua watahini.

Chumvi za mtihani zilikuja zimefungwa, zina herufi tu. Asubuhi niliwagawia. Kila mtu na chupa yake ya maji ya mtambo. Nikawaambia maji ni safi, kisha sheria ikanifunga mdomo, nikawa natembea kati ya mabenchi mikono nyuma, kama wewe. Wakayeyusha. Wakaweka asidi ya nitriki. Wakaweka matone ya nitrati ya fedha. Na nikaona weupe, benchi la kwanza, benchi la pili, darasa zima, weupe mzito wa kloridi halisi. Ile chumvi ilikuwa na kloridi ya kweli, Mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu Julai ilikuwa ya kweli, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuiamini.

Kalamu zilisimama. Muli alikuwa anaitazama testitubu yake kwa chuki. Wengine walinitazama usoni, nami sikuwa na ruhusa hata ya kukunja kipaji. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema andikeni, hiyo ndiyo, safari hii ndiyo. Niligeuka dirishani nikatazama vyoo, kwa sababu uso wangu ungesema, na wangefaulu kwa uso wangu badala ya kichwa chao. Nadhani hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya tangu niwe mwalimu.

Nilipogeuka, Mutheu alikuwa amechukua testitubu nyingine, kavu. Hakuweka chumvi. Aliweka maji peke yake. Akaongeza asidi, akaongeza nitrati, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akangoja. Ikabaki safi kama kioo. Akaiweka kwenye kishikio, kando ya ile nyeupe, akazitazama zote mbili, kisha akainama akaandika.

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mimi sikumfundisha, swali lake nililiacha kwenye kengele. Wewe hukutufundisha kamwe. Ulituambia maji ni safi kwa kuwa ni yako, nasi tukaamini. Benchi la nyuma, ambako hawangeweza kumwona, wawili watatu walifanya vivyo hivyo kwa akili zao. Muli alifanya mwishoni kabisa, nikaona amechukua kalamu muda ukiwa umekaribia kuisha. Wengine hawakufanya. Sijui waliandika nini. Waliondoka bila kuniangalia.

Nimekaa hapa nikijaribu kufurahi, na nimeshindwa, na nitakuambia ni kwa nini. Kama ungekuwa hai tangi lingekuwa limejaa, na wangeyaamini maji kwa kuwa Mwalimu aliyafunga kwa kufuli. Wasingeyapima. Wangeandika jibu sahihi, wote, bila mtu kusimama na testitubu tupu kwenye mwanga na kuuliza kama anachotegemea ni cha kutegemewa. Walijifunza hilo kwa sababu ulikufa na tukakunywa maji yako. Na mimi, ambaye kazi yangu ni wao wajifunze, nawaambia wewe na Mungu kwamba ningeona heri wasijifunze. Heri wasingejua, na wewe ungekuwa hapa mlangoni, umeshika funguo, unaninyima maji.

Matokeo yakitoka mwakani nitakuja kwenu. Nitamsalimu Mama Ndunge, ninywe chai yake ya kisima na nisiseme kitu, kisha nishuke mpaka ulipolala na kukusomea kila jina na alama yake. Aliyepita nitasema amepita, aliyeanguka nitasema ameanguka, na sitampunguzia wala sitamwongezea mtu. Hiyo nakuahidi.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika. Ubao nimeufuta jana, Mutheu mwenyewe ndiye aliyenishikia kiti, na kabla ya kufuta aliiweka ile tatu ya hidrojeni kwa mkono wake, akaniambia, "Sasa ni sawa, Madam." Nikalia tena. Bado nimekukasirikia, na sijui nitaacha lini.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Kamene